Saa Mpya Yenye Ila: Mnunuzi Afanyeje?

Mwezi huu twataka kujifunza pamoja jambo moja la sokoni. Laonekana dogo, nalo limekwisha kuvunja urafiki wa watu na kupoteza fedha nyingi. Mtu amenunua saa ya mkono ya thamani kubwa. Ameifikisha nyumbani, amewasha taa, na hapo aona mkwaruzo mwembamba kama unywele ubavuni mwa saa, au chembe ya vumbi chini ya kioo chake. Saa yenyewe yaenda vizuri. Haikawii wala haitangulii. Lakini moyo wa mwenyewe umekwisha kufadhaika. Je, airudishe? Anyamaze? Aipeleke kwa fundi aisugue? Na akirudi dukani, aseme nini?

Wako watakaosema, Hayo ni maneno ya matajiri wa Masaki na Oysterbay. Sisi watu wa Tandika, Mbagala na Mwananyamala yatuhusu nini? Twajibu kwamba yatuhusu. Saa za namna hii hazinunuliwi na matajiri peke yao. Mara nyingi hununuliwa na watu wengi wasio na kitu kingi, waliochanga pamoja: walimu wanaomuaga mwalimu mkuu wao anayestaafu, watoto wanaomheshimu baba yao, usharika unaomshukuru mwinjilisti aliyetumika miaka mingi. Fedha hizo ni za wengi, na yule aliyetumwa kununua ana hesabu ya kutoa. Akileta saa yenye kovu, watu watanong'ona, Je, ni mpya kweli? Au amenunua iliyotumika, na fedha iliyobaki imekwenda wapi? Hapo ila ndogo ya chuma imekuwa ila kubwa katika jina la mtu. Kwa hiyo na tujifunze neno hili kwa utaratibu.

1. Je, ni haki kulalamikia ila ndogo?

Wengine husema kwamba kulalamikia mkwaruzo ni majivuno, kwa maana kazi ya saa ni kuonyesha majira, na saa ikionyesha majira imetimiza kazi yake. Maneno hayo yana sura ya hekima, lakini tuyapime.

Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilianza kuuza saa iitwayo Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi iliyouzwa madukani, yaani saa iendayo kwa betri na kijiwe kidogo kinachotetemeka. Siku ile ilikuwa ya bei kubwa sana. Leo saa za namna hiyo zauzwa kwa bei ndogo kila mahali, hata juu ya meza za wachuuzi pale Mbagala Rangi Tatu, na kwa desturi hukosea kama sekunde 15 tu kwa mwezi mzima. Sasa tutazame saa ya thamani iendayo kwa kamani na magurudumu ya meno. Huko Uswisi kuna ofisi ya kupima saa iitwayo COSC. Saa ya kamani ikipimwa huko huruhusiwa, kwa wastani, kukawia sekunde 4 au kutangulia sekunde 6 kwa siku moja, nayo bado huhesabiwa kuwa bora. Basi kwa habari ya majira tu, saa ya bei ndogo yaishinda ile ya bei kubwa.

Kama ni hivyo, mnunuzi wa saa ya thamani amelipia nini? Amelipia kazi ya mikono: kingo zilizonyooka, chuma kilichosuguliwa hata kung'aa, mishale iliyokatwa sawasawa, uso usio na vumbi. Katika mji wa Geneva sheria ya mwaka 1886 iliweka muhuri maalumu wa saa zilizotengenezwa huko, na muhuri huo huangalia hata usafi wa vyuma vya ndani visivyoonekana na mvaaji. Uzuri wa kazi ni sehemu ya bidhaa yenyewe. Aliyelipia uzuri akapewa uzuri ulioharibika hakupata yote aliyoyalipia, na akisema hivyo kwa adabu hana kosa.

Lakini upande wa pili nao una neno lake. Saa ni kazi ya binadamu, na ukiitazama kwa kioo cha kukuzia utaona vijialama hata katika kazi bora. Kwa hiyo lalamiko lapaswa kuwa na kipimo.

2. Namna tatu za alama

Namna ya kwanza ni alama isiyo ila. Saa mpya hufunikwa nailoni nyembamba ili isichubuke njiani, na nailoni hiyo huacha gundi. Tena vidole huacha mafuta, na kitambaa huacha nyuzi. Kabla ya kumshitaki mtu, futa saa taratibu kwa kitambaa laini kilicholowanishwa kidogo. Alama nyingi huondoka hapo hapo, na aibu nayo huondoka.

Namna ya pili ni ila ya ngozi. Hii haigusi mwendo wa saa: mkwaruzo wa ubavuni, mchubuko katika kifungo cha ukanda, ukingo usio sawa na mwenzake. Na mara nyingi chembe moja chini ya kioo nayo ni ya namna hii, ikiwa imetulia mahali pake.

Namna ya tatu ni ila ya mwili ijapokuwa yaonekana kama ya ngozi. Ukungu ndani ya kioo ni dalili kwamba unyevu wapata njia ya kuingia, na unyevu wenye chumvi ya pwani yetu huharibu vyuma vya ndani. Chembe inayozunguka huku na huku chini ya kioo yaweza kunaswa na mishale au kuingia penye magurudumu. Mshale unaogusa tarakimu utakuja kuisimamisha saa. Ufa mdogo pembeni mwa kioo waweza kuenea. Kwa ila za namna hii usikubali kupunguziwa bei ukanyamaza. Saa lazima ibadilishwe au itengenezwe na watu wa kampuni yenyewe.

Mtu atauliza, Nitajuaje kama doa liko juu ya kioo au chini yake? Inamisha saa polepole kushoto na kulia huku ukitazama doa. Likionekana kuhama juu ya tarakimu, liko katika kioo. Likikaa pale pale juu ya tarakimu ile ile, liko katika uso wa saa, nalo halitafutika kwa kitambaa.

3. Macho kabla ya fedha

Wazee wetu walisema, Kipya kinyemi ingawa kidonda. Maana yake, furaha ya kitu kipya humpofusha mtu asione hata kidonda kilichomo. Furaha hiyo ndiyo adui wa mnunuzi. Basi ajiwekee desturi ya kutazama kabla ya kulipa, wala asione haya kwamba muuzaji anamngoja.

Kwanza, aende mchana na aiombe saa mlangoni penye nuru ya jua. Taa kali za dukani hung'arisha kila kitu na kuficha mikwaruzo.

Pili, aombe nailoni ifunuliwe, kwa maana yaweza kuficha alama zilizo chini yake. Wauzaji wengine hukataa, wakisema saa iliyofunuliwa haihesabiwi mpya tena. Hapo wapatane: mnunuzi aseme wazi kwamba akiikuta safi ataichukua, na muuzaji afunue mwenyewe kwa mkono wake. Asiyekubali hata hivyo, tumwache na saa yake.

Tatu, aitazame kwa jicho tupu, kwa umbali wa futi moja hivi, sehemu baada ya sehemu: kioo, uso, mishale, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, kifuniko cha nyuma, ukanda na kifungo chake. Kisha azungushe kile kifundo cha ubavuni cha kutilia majira, aone kama mishale yaenda bila kukwama. Shauri letu ni hili: ila ionekanayo kwa jicho tupu kwa umbali huo ni ya kusemwa, ila isiyoonekana ila kwa kioo cha kukuzia iachwe ipite.

Nne, asome namba ya saa na kuilinganisha na namba iliyo katika kadi ya dhamana. Kadi iwe na tarehe na jina la duka.

Tano, adai stakabadhi ya mashine ya EFD, ambayo wafanyabiashara wa Tanzania walianza kuitumia mwaka 2010. Sheria ya kodi yamtaka muuzaji aitoe na mnunuzi aidai. Mali bila daftari hupotea bila habari, na lalamiko bila stakabadhi hupotea vivyo hivyo.

Siku hizi wengi huagiza kwa simu, na saa huletwa hata mlangoni, Kinondoni au Temeke, na kijana wa bodaboda. Hapo nako, fungua kifurushi kijana angali amesimama. Piga picha ya sanduku kabla ya kulifungua, kisha ya saa. Ukiona ila, mpigie muuzaji simu hapo hapo, kwa maana kijana huyo ndiye shahidi wako kwamba hujaivaa.

Tena iko hatari moja ya pekee katika upande wa Temeke. Katika miaka ya karibuni maonyesho ya Sabasaba yamefanyika tangu tarehe 28 Juni hata 13 Julai katika viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa. Wauzaji hutoka nchi nyingi, na vitu vizuri vimo. Lakini maonyesho yakiisha, mabanda hufungwa na wageni hurudi kwao. Ila uliyoiona tarehe 20 Julai utampelekea nani? Anayenunua kitu cha thamani pale amwulize muuzaji kwanza, Baada ya Sabasaba nitakupata wapi katika mji huu? Asiyekuwa na jibu la swali hilo auze vitu vya bei ndogo tu.

4. Sheria yasema nini?

Tanzania ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ambayo kanuni zake zafuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Tutaje mambo mawili yaliyomo.

La kwanza: ukinunua kitu kwa jina lake kutoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kuuza vitu vya namna hiyo, sheria huhesabu kwamba amekuahidi kitu cha hali ifaayo kuuzwa, hata kama hakutamka. Lakini ahadi hiyo ina mpaka. Ikiwa ulikitazama kabla ya kununua, huwezi kushitaki kwa ila ambayo kutazama huko kulipasa kuifunua. Ukiitazama saa dukani na mkwaruzo uko wazi mbele ya macho yako, kisha ukalipa, muuzaji aweza kusema, Aliuona akauridhia. Basi usitazame nusu nusu. Ukitazama, tazama kweli.

La pili: mnunuzi hahesabiwi kuwa amekipokea kitu kwa kukiridhia mpaka apate nafasi ya kukichunguza. Lakini akikaa nacho muda mrefu upitao kiasi bila kusema neno, huhesabiwa kuwa amekiridhia. Sheria haikutaja siku ngapi. Kwa mkwaruzo, sisi twasema ni siku ile ile, au kesho yake asubuhi. Kwa maana kila siku inayopita saa ikiwa mkononi, ni vigumu zaidi kujua kama alama ilitoka dukani au katika mlango wa daladala.

Tena iko Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyoanzisha Tume ya Ushindani, nayo ina sehemu ya kuwalinda wanunuzi na kukataza maneno ya kuwadanganya. Aliyeuziwa saa iliyotumika kwa jina la mpya, au saa bandia kwa jina la kampuni kubwa, aweza kupeleka malalamiko yake huko. Ila tusijidanganye: sheria haikutaja mkwaruzo wa urefu gani ni kosa. Kwa ila ndogo ya ngozi, nguvu ya mnunuzi i katika mapatano yake na muuzaji na katika kusema mapema, kuliko katika kesi.

5. Ukiigundua nyumbani

Vua saa, wala usiivae tena. Usiikate ukanda, usiifungue nyuma. Piga picha mchana, moja ya saa nzima na moja ya ila yenyewe. Tuma picha kwa muuzaji siku ile ile, ili tarehe ibaki katika simu zenu wote wawili. Kisha uende mwenyewe, pamoja na sanduku, kadi na stakabadhi.

Usiende kwa makelele. Muuzaji naye pengine hakuiona ila. Saa ilifungwa kiwandani. Mtu aweza kusema hivi: "Ndugu yangu, habari za kazi? Jana saa kumi jioni nilinunua saa hii kwako. Nilipofika nyumbani niliona alama hii, na sijaivaa. Picha nilikutumia jana hiyo hiyo. Naomba unibadilishie. Kama huna nyingine, tuzungumze." Maneno hayo yana siku, yana ushahidi, yana ombi lililo wazi, wala hayana tusi. Wenye duka wengi hushindwa kumkatalia mtu wa namna hiyo mbele ya wateja wengine.

Yako mambo manne ambayo mnunuzi aweza kuyaomba: saa nyingine, sehemu iliyoharibika ibadilishwe na kampuni, fedha irudishwe, au bei ipunguzwe naye abaki na ila yake. Akichagua la nne, yaandikwe katika karatasi na kutiwa sahihi, na baada ya hapo asilalamike tena kwa neno lile lile. Na kama fedha ni za wengi, asipatane peke yake. Awapigie simu waliomtuma, awaeleze, na fedha iliyopunguzwa iingie katika hesabu yao. Hivyo jina lake litabaki safi hata kama saa ina kovu.

Juu ya kadi ya dhamana, isomwe kabla ya kutegemewa. Rolex, kwa mfano, hutoa dhamana ya miaka 5 kwa saa zilizouzwa tangu Julai 2015. Lakini dhamana za saa kwa desturi huhusu makosa ya kiwandani. Hazihusu mikwaruzo ya kuvaliwa wala kuchakaa kwa ukanda.

Na hapa twamwonya mnunuzi pia. Yuko mtu aliyeigonga saa ukutani mwenyewe, kisha arudi dukani kudai kwamba ilitoka hivyo. Huyo ni mwizi kama muuzaji wa saa bandia, tena huwaharibia njia wanunuzi wa kweli watakaokuja baada yake.

6. Usikimbilie kusugua

Wengi wakiona mkwaruzo hukimbilia dawa ya meno au mashine ya fundi wa barabarani. Twasema, ngoja. Kusugua si kuongeza chuma, ni kukipunguza. Mkwaruzo huondoka kwa sababu chuma chote kilicho kandokando kimeshushwa mpaka kina chake. Kingo kali huwa butu. Chuma kilichochorwa mistari myembamba hupata kiraka king'aacho. Na saa iliyopakwa dhahabu ni hatari zaidi, kwa maana rangi hiyo ni nyembamba sana, hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita. Ukisugua mara chache, dhahabu yaisha na madini ya chini yatokea.

Dawa ya meno hufaa kidogo kwa vioo vya plastiki vya saa za zamani. Kwa kioo cha yakuti haifai kitu. Tena fundi asiye wa kampuni akiifungua saa, waweza kupoteza dhamana yote kwa ajili ya alama moja. Mafundi wetu wa Kariakoo na Temeke wana ujuzi mwingi, na saa nyingi zimefufuka mikononi mwao. Lakini saa mpya yenye dhamana ipelekwe kwanza mahali ilipotoka.

7. Kovu la kwanza

Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs aliyapanga mawe kwa ugumu, toka 1 hata 10, kila gumu likiweza kukwaruza lililo laini kuliko yeye. Almasi ni 10. Yakuti, ambayo siku hizi hutengenezwa viwandani kwa vioo vya saa, ni 9. Kwatzi, iliyomo katika punje nyingi za mchanga na vumbi, ni 7. Kioo cha kawaida ni kama 5 na nusu, na chuma cha saa nacho ni laini kuliko kwatzi. Fahamuni basi: vumbi la barabara zetu ni gumu kuliko saa nyingi, isipokuwa kioo cha yakuti peke yake. Asiyetaka kuikwaruza saa yake asiifute kavu ikiwa na vumbi. Kwanza alipulize au, kama saa yahimili maji na kifundo kimefungwa vema, aioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Jasho na hewa ya bahari nazo zafutwe kila jioni.

Hata hivyo kovu la kwanza litakuja. Litatoka katika chuma cha daladala, katika ukingo wa meza, katika ukuta wa nyumba. Kwa hiyo tusichanganye mambo mawili. Ila uliyouziwa ni neno la haki kati yako na muuzaji, nalo lisemwe siku ile ile. Ila uliyoipata kwa kuvaa ni sehemu ya maisha ya saa, wala hakuna wa kushitakiwa. Mtu ajuaye kutenga hayo mawili hataonewa dukani, wala hatakuwa mtumwa wa saa yake nyumbani.

Maswali ya kujifunzia

1. Kwa nini mnunuzi wa saa ya thamani ana haki ya kusema juu ya mkwaruzo, hata kama saa yaenda vizuri?
2. Taja namna tatu za alama, na mfano mmoja wa kila namna.
3. Ukiitazama saa kabla ya kulipa, sheria yabadilika vipi juu ya ila zilizo wazi?
4. Umetumwa na wenzako kununua saa ya zawadi, na muuzaji akupa punguzo kwa sababu ya ila. Utafanya nini kabla ya kukubali?
5. Kwa nini haifai kuisugua saa mpya iliyopakwa dhahabu?